Picha Moja ya Dunguni

Hebu mwone anavyofika. Bodaboda imesimama pale njia inapoingia mashamba ya mpunga, ukishaipita Usevya, na mwanamume mmoja mrefu anashuka taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Begi lake hakulivaa mgongoni. Amelipakata kifuani kwa mikono miwili.

"Bro, humo kuna mayai?" dereva anamuuliza.

Anacheka tu, analipa, anavua viatu, anakunja suruali mpaka magotini, kisha anaanza kutembea juu ya tuta katikati ya majaruba, akijisawazisha kwa viwiko maana mikono ina kazi.

Huyo ndiye Telesphor. Mpanda mjini wanamjua kwa harusi, komunyo ya kwanza na picha za paspoti, kwenye kibanda chake jirani na soko. Lakini katikati ya wiki, watu wanapokuwa hawaoani, yeye hupanda gari mpaka Sitalike, akakaa karibu na daraja, akawapiga picha viboko na ndege na chochote kitakachotoka majanini. Hakuna aliyemtuma. Alianza siku moja akimsubiri bwana harusi aliyechelewa, akanogewa.

Mwanzoni aliwaendea wanyama kama anavyowaendea maharusi. Aliwasogelea. Alikohoa ili wamtazame. Basi akawa anarudi nyumbani na mikia: mkia wa ngiri, mkia wa kenge ukizama mtoni. Mkewe, Jeniffer, akawa anamuuliza kama kule porini wanyama hawana nyuso. Pole pole akajifunza jambo ambalo ukilisikia unaliona dogo: mnyama hapigwi picha akiwa anakutazama, anapigwa akishakusahau. Unakaa. Unakaa mpaka inzi wakuzoee. Ndege aitwaye kwarara atashuka, atachokoa tope kwa mdomo wake uliopinda, atakuja mpaka karibu na goti lako, na wewe wakati huo ni kisiki tu.

Picha zake zikapendwa, mpaka parokia ikatengeneza nazo kalenda. Hapo ndipo alipojiponza. Hakuangalia mwezi upi unapata mnyama gani, na kenge akaangukia mwezi wa tano. Wakatoliki wenzangu mmeshaelewa. Mwezi wa tano ni wa Mama Maria. Bibi yake, aliyekuwa ameitundika kalenda hiyo mahali anaposalia, alimpigia simu siku alipofunua ukurasa huo.

"Mume wangu," alimwambia, maana ndivyo mabibi wa huko wanavyowaita wajukuu wa kiume, "mimi nisali rozari mwezi mzima huku kenge ananitolea ulimi?"

Akabandika picha ya Bikira juu ya kenge, mambo yakaisha.

Huyo bibi, Josephina, ndiye aliyemlea Telesphor. Mama yake, Romana, alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Haikubaki picha yake hata moja. Telesphor amepiga maelfu ya nyuso, za watu na za wanyama, na uso wa mama yake haujui. Anachojua ni maneno ya wazee wa Mpimbwe, wanaosema Romana na mama yake, yaani bibi huyu, walikuwa uso mmoja uliokatwa mara mbili. Kwa hiyo mnaona alikuwa anatafuta nini. Alitaka picha ya bibi. Moja tu.

Na bibi alikuwa hataki. Kalenda za wanyama alizipenda, za miaka iliyopita hakuzibandua, ukuta wake ulijaa ndege mwari na viboko, na asubuhi aliwasalimia. Yeye mwenyewe, hapana. "Mzee akipigwa picha, ni ya kuweka juu ya jeneza," alikuwa akisema. Pasaka alikataa akiwa na kitenge kipya. Kwenye ubatizo wa Lidia, binti wa Telesphor, aligeuka mlio wa kamera ulipokaribia, na mpaka leo katika picha ile ya familia amesimama kisogo na kilemba.

Siku ya safari hii Jeniffer alimwambia, "Kamwombe tena."

"Si ameshakataa."

"Mwombe kama mjukuu. Wewe unamwombaga kama mpiga picha."

Telesphor akaitikia. Lakini njia nzima, gari likipita katikati ya hifadhi, alikuwa anamfikiria kwarara.

Bibi alikuwa juu ya dungu lake la miti, akiamia ndege wasile mpunga. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na ndege hao, kwelea, wakati huo hawana huruma. Alikuwa na kamba ndefu yenye makopo, na sauti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mke mwenzangu hajambo? Umekuja mikono mitupu?"

"Sukari ipo. Sabuni ipo."

"Basi bado nimeolewa. Panda. Na hilo jicho lako umelileta?"

"Nimelileta. Nataka kuwapiga picha kwelea."

"Wapige. Mawe nitakupa mimi."

Hakudanganya. Kwelea aliwataka kweli. Lakini alikaa pembeni mwa dungu jinsi anavyokaa Sitalike, kimya, kamera imeelekea shambani. Siku ya kwanza bibi kila akisikia mlio anafunika uso kwa khanga. Siku iliyofuata alifunika nusu. Jioni alidai aonyeshwe ndege wake kwenye kioo cha nyuma cha kamera, akajifunza na kitufe cha kuwapitisha, akawa anawatukana mmoja mmoja. Siku zikasogea. Ikafika mahali kamera inalia na bibi anaendelea kumenya karanga.

Ndipo kundi likaja kama moshi wa tanuri la matofali, likatua. Bibi akasimama, akavuta kamba kwa nguvu mpaka kilemba kikamdondoka. "Nyie, nendeni kwa wenye matrekta huko, mimi mjane mnanionea nini?" Kwelea wakaruka wote kwa pamoja nyuma ya kichwa chake cheupe, na yeye, kwa kuyasikia maneno yake mwenyewe, akacheka.

Kidole cha Telesphor kikabonyeza.

Alipoutazama ule uso kwenye kioo, hakuona ajabu ya ndege. Aliuona mdomo. Mdomo uliopinda upande mmoja kidogo kabla kicheko hakijatoka. Mdomo huo yeye hana. Anao Lidia, binti yake, anaouona kila siku mezani. Umetoka kwa bibi, ukaenda kwa mtoto, na hapo katikati ulipita kwa mtu ambaye hakujaliwa kumwona.

"Wametoka vizuri?" bibi akauliza, akifunga kilemba.

"Wametoka vizuri, bibi."

Jua lilipolegea na ndege wakaenda kulala, walishuka. Bibi akakaa kwenye tuta ananawa miguu, akanyoosha mkono. "Lete ndege wangu."

Telesphor akaishika kamera bila kumpa. "Bibi, kuna moja si ndege."

Bibi akaendelea kusugua kisigino. "Najua."

"Ulijua saa ngapi?"

"Nimeishi na ndege umri wote huu, nisijue ninapotegwa?"

"Umenikasirikia?"

"Kaa chini kwanza, umerefuka mno." Akakaa. Bibi akaongea huku akiyatazama maji ya mfereji, kisha akaacha kuyatazama. "Ya jeneza nilikuwa nawaambia watu ili waniache. Kioo changu nilikigawa ule mwaka tuliomzika mama yako. Kila nikijitazama nilikuwa namwona yeye. Hata maji yakitulia kwenye beseni siyaangalii. Sasa wewe umeniletea Romana hapa shambani. Na mvi kichwani. Mvi ambazo hakuzipata."

Telesphor akasema, bila kulalamika, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake, "Mimi sijawahi kumwona, bibi."

"Hilo nalo ni kweli."

Akavaa ndala, akashika bega la mjukuu wake ili asimame, na mkono akauacha pale pale begani.

"Ukiifuta nitalala vizuri. Usipoifuta, wewe ndiye utakayelala vizuri. Siwezi kukuamulia, mtoto wa mwanangu, maana kila mmoja wetu amefiwa kivyake. Mimi natangulia kukoka moto. Ukija, usiniambie umefanya nini. Sitakuuliza."

Akalifuata tuta, mgongo umenyooka, bila kugeuka.

Telesphor akabaki na kamera magotini. Kitufe cha kufutia ni kidogo, ukubwa wa punje ya mpunga, na kidole gumba chake kilikuwa juu yake. Viboko hawakuwahi kumkatalia. Ndege hawakuwahi. Huyu alikataa waziwazi, tena miaka mingi, na leo amelichukua katazo lake mwenyewe akaliweka mkononi mwa aliyemtega. Kwenye kioo bibi alikuwa bado anacheka. Kule nyumbani moshi ulianza kupanda.

Wewe uliyefuatana nasi mpaka hapa shambani, kidole kile kingekuwa chako, ungebonyeza kitufe?