Mawakala wa Maji ya Jibondo

Mwaka niliokuwa nikiandika kazi yangu ya shahada ya uzamili, mchana nilifundisha sekondari Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa tulichoishi, jioni nikakaa na kompyuta. Hifadhi ya bahari inayokizunguka kisiwa ilishazoeleka. Watalii walipita kwenda Utende kuzamia, nasi tukaendelea na yetu. Yangu yalikuwa mawakala: programu ndogondogo, kila moja na kazi yake na uamuzi wake, zinazopelekeana ujumbe mpaka shughuli ikamilike. Nilichagua maji ya Jibondo, kisiwa kidogo jirani, yaliyokuwa yakipelekwa kwa boti kutoka kwetu. Wakala mmoja angesimamia matangi ya kule, mwingine boti, wa tatu kisima cha huku.

Msimamizi wangu chuoni alisisitiza nifuate hatua: kwanza malengo, kisha majukumu, halafu mazungumzo, na kuandika programu kuwe mwisho kabisa. Nikakwama kwenye mazungumzo. Michoro ilipendeza, ila sikujua kama ingefanya kazi. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, nikaamua tuyaigize sisi wenyewe, nikamwomba mume wangu awe matangi. Mama mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa kisiwani, alikuwa uani akikuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba awe boti.

“Marahaba, mwanangu. Boti ya mashine au ya tanga?”

“Yoyote, mama. Ila usifanye jambo ambalo sijakueleza.”

Mimi nikawa kisima. Tukaanza. Mume wangu akatazama juu, mama akaendelea kukuna, mimi nikasubiri.

“Mbona kimya?” nikauliza.

“Nangoja boti ije iniulize,” akasema mume wangu.

“Na mie nangoja kuitwa,” akasema mama.

Tulicheka sana. Nilikuwa nimemweleza kila mmoja ajibu nini, lakini sikumpa yeyote kazi ya kuanza. Nikabadilisha: tangi likifika nusu, liite lenyewe. Mume wangu akaita, na mama akajibu, “Siwezi, nina mzigo wa kupeleka kisiwa cha Chole.” Hilo nalo sikulifikiria. Nikaongeza kwamba wakala anaruhusiwa kukataa, mradi aseme atapata nafasi lini. Tukaendelea hivyo hadi wali ukaiva, mama akija na kisingizio kipya kila mara, mume wangu akilalamika ana kiu ya Jibondo nzima.

Nilipokuja kuandika programu yenyewe, ujumbe wa kwanza, wa matangi kuomba maji, ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, boti ikaujibu. Nikamwita mume wangu. Akasoma, akauliza, “Huyu ni mimi?”

“Ndiwe wewe.”

Akavuta kiti, akakaa kujitazama akiomba maji.