Kumpeleka Mama Mkwe Homa Bay na Taa ya Maji Ikiwaka

Nilitoka Isebania kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa miaka mingi alikataa kupasuliwa, akisema jicho si jipu. Safari hii daktari mgeni alikuwa amekuja kwa siku chache katika hospitali moja ya Homa Bay, naye mama, sijui nini kilimgeuza, akakubali. Mke wangu Adhiambo alinieleza mambo yalivyo: ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa, mlango ungefungwa saa sita mchana, na mama hangekubali mara ya pili.

Adhiambo mwenyewe hakuweza kuja. Alikuwa amejifungua juzijuzi, na hilo lilileta shida ambayo watu wa mbali huenda wasiielewe. Mimi ni Mkuria. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hakai karibu naye, wala hapigi naye soga. Yeye ni Mjaluo, na kwao heshima hiyo ipo vilevile. Mimi Kijaluo changu ni cha kununulia samaki, naye Kikuria hana, kwa hiyo tulibaki na Kiswahili, na tangu nioe tulikuwa tumekitumia kwa salamu tu. Mengine yote yalipita kwa Adhiambo.

Ogwedhi, nyumbani kwa mama, nilifika ng'ombe wa mnada wakiwa wanaingia sokoni. Mama alikuwa tayari, amekaa nje ya nyumba yake, ameshika jerikeni la maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile, zawadi ya kumpelekea dada yake anayeishi Homa Bay. Nilimfungulia mlango wa nyuma huku nikitazama vilima. Alipapasa, akaingia, akaketi nyuma ya kiti cha abiria cha mbele, jerikeni miguuni. Gari langu ni la viti saba, lililokuja limetumika kutoka ng'ambo, na limewekewa hita, mashine ya kupasha joto, mpaka nyuma. Kwa nini mtu wa Migori anahitaji hita, waulize walioliunda.

Tukiwa bado kwenye barabara ya murram, ile isiyo na lami, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile ya kusema maji ya rejeta, yanayopoza injini, yamepungua. Nilifanya anachofanya kila mwenye gari kwetu: niliigonga kwa kidole. Haikuzimika. Nikaamua kutoiangalia.

Awendo nilisimama kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa pampu aliinama dirishani, akaitazama taa na kuniambia hiyo ni sensa tu, yaani kipimo kinadanganya, maji yapo. Hakuna ugonjwa wa gari ambao huku kwetu haujawahi kuitwa sensa. Hata hivyo nilisubiri injini ipoe, nikafungua kifuniko polepole kwa kitambaa, nikakuta tangi dogo la maji limekauka. Nilijaza. Taa ikazimika. Nikamshukuru kijana, kwa sababu hata aliyekosea anastahili shukrani, tukaondoka katikati ya mashamba ya miwa.

Kabla ya Rongo lori lililokuwa nyuma yetu lilituwashia taa mara kadhaa, kisha likatupita, dereva akinionyesha kwa mkono ubavu wa gari langu. Nilidhani ananisalimu. Nikampungia.

Rongo, kwenye njia panda ya Homa Bay, taa iliwaka tena. Basi si sensa. Nilivua koti, nikalala chini ya gari. Kulikuwa kukavu kama uwanja wa kanisa mwezi wa Januari. Mipira yote ya kupitisha maji ilikuwa mizima na rejeta halikudondosha tone. Maji yalikuwa yakienda, lakini hayakuwa yakienda popote. Nilijaza tena, na kwa kuwa kusimama huku kulikuwa kumechukua muda, niliona ni adabu kumjulisha mama. Nikampigia Adhiambo simu. Adhiambo akampigia mama. Simu ya mama ikalia nyuma yangu, akaipokea kwa sauti ya chini kana kwamba nilikuwa nchi nyingine, na baada ya dakika chache Adhiambo akanipigia kunijulisha kwamba mama amesikia, hana neno.

Rodi Kopany ndipo mshale wa joto ulipopanda. Niliegesha gari kwa fundi mmoja kando ya soko, jina lake Ouma, mtu mpole mwenye ovaroli iliyokuwa na rangi zamani. Aliangalia feni. Akachomoa kijiti cha oili, akaniambia oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, tungezungumza habari za matanga, lakini ni safi. Akaingia chini, akatoka.

"Chini ni kukavu, mkubwa," alisema. "Maji haiwezi potea hivi hivi. Kama haitoki nje, inaingia ndani. Huko nyuma kwa mama hakuna maji?"

Nilimwambia sijui. Akasema niangalie. Nikamwambia yule ni mama mkwe wangu. Ouma alirudi nyuma hatua moja akafuta mikono. Yeye pia hangeweza kwenda kuinamia miguu ya mama wa watu bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenye kuiomba ruhusa hiyo nilikuwa mimi.

Nikampigia Adhiambo. Simu ikalia nyuma. Jibu lilirudi kupitia Isebania: mama anasema hakuna maji yoyote. Niliomba aulizwe kama angekubali boda boda hadi Homa Bay, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha. Hilo nalo alilikataa. Macho yalipoanza kuharibika aliwahi kuanguka na boda boda. Halafu Adhiambo akaongeza jingine.

"Baba Robi, mama anasema umrudishe nyumbani. Anasema macho basi. Kwani nini imefanyika huko?"

Nilimwambia hakuna kilichofanyika, ni taa tu. Adhiambo akasema anamjua mama yake, kuna kitu, na yeye yuko mbali na mtoto ananyonya. "Muulize mwenyewe," akasema, akakata.

Nilikwenda kwenye mlango wa nyuma, nikaufungua, nikageuka nikampa mama mgongo. Mbele yangu kulikuwa na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaniangalia kana kwamba nimekuja kununua. Nikiwa nimemkazia macho huyo wa omena, nilimwuliza mama mkwe wangu kwa nini anataka kurudi.

Akasema, "Ni maziwa yangu. Imemwagika kwa gari yako tangu kule murram. Nimepanguza na leso, nakamua kwa dirisha, inarudi tu. Kila mara unasimama unatafuta, najua umesikia harufu. Nimekuharibia gari. Nirudishe."

Basi ndicho alichokuwa akinionyesha dereva wa lori. Niliuliza kama hayo maziwa yalikuwa ya baridi. Akasema ni vuguvugu, kama maziwa ya asubuhi yalivyo. Lakini maziwa ya asubuhi yangekuwa yamekwisha kupoa. Nikageuka, na hapo ndipo nilipovunja desturi, kwa sababu hakuna namna ya kuangalia jerikeni lililo miguuni mwa mtu bila kuiona miguu yenyewe. Ilikuwa imelowa hadi vifundoni. Zulia lilikuwa dimbwi. Nililinyanyua jerikeni. Lilikuwa zito, limejaa mpaka juu, kifuniko kimekazwa na kipande cha nailoni.

"Mama, maziwa iko yote," nilimwambia.

Alinyoosha mkono akapapasa kifuniko, akakizungusha kidogo, akakirudisha.

"Sasa hii ni nini?"

"Ni maji ya gari."

Alifikiri. "Basi ni gari yako imenikosea mimi," akasema.

Nilimwambia ndiyo, na nikaomba msamaha kwa niaba ya gari. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sikujua niweke wapi mikono. Ouma alikuwa amekwisha kukimbia kuleta spana. Alitandua zulia, akatuonyesha hita ya nyuma, inayopashwa na maji yaleyale ya rejeta, iliyokuwa imeoza chini ya kiti, ikivujia ndani ya gari badala ya nje. Hakuitengeneza. Aliikata kwenye mzunguko: mipira miwili iliyokuwa ikipeleka maji nyuma aliiunganisha kwa kipande cha bomba na klipu mbili, akajaza rejeta, akaacha injini ingurume huku hewa ikitoka. Taa ikazimika. Mshale ukashuka. Mama alihamia nyuma ya kiti changu, palipokuwa pakavu, na tukashuka kuelekea ziwa kwa mwendo ambao sitauandika.

Homa Bay tulimkuta dada yake amesimama langoni, anabishana na askari ili lango lisifungwe. Alimshika mama mkono wakaingia. Mimi nilibaki na jerikeni. Alasiri ile walimpasua jicho la kulia, akalazwa, nami nikalala kwenye gesti karibu na stendi, nikila samaki wa ngege bila hamu.

Kesho yake asubuhi muuguzi alimtoa bandeji. Alikuwa binti mgeni wa sehemu hizi, mchangamfu. Kwa kuwa dada mtu alikuwa ameenda kuleta uji, aliniita mimi, akanisimamisha mbele ya kitanda, akamwuliza mama anaona nini. Mama akainamisha kichwa. Muuguzi akauliza tena, akamwinua kidevu. Mama akainama tena. Muuguzi alinitazama, uchangamfu ukamtoka, akasema taratibu kwamba atamwita daktari. Nilifikiri, tumemleta kote huku bure.

"Naona," mama akasema akiwa ameangalia sakafu. "Ni mkwe wangu. Siwezi kumwangalia hivyo. Kamba ya kiatu yake imefunguka, hiyo ya huku."

Nilitazama chini. Ilikuwa imefunguka. Niliinama kuifunga, na nilikaa huko chini kuliko kamba inavyohitaji, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijia.

Kurudi hakukuwa na habari. Zulia lilisafiri juu ya paa likikauka. Mama aliketi nyuma yangu, na hatukuzungumza, isipokuwa Rongo nilipomwuliza moja kwa moja kama angependa ndizi, akajibu moja kwa moja kwamba angependa. Simu ya Isebania haikuhitajika. Kuhusu taa ya maji nimejifunza kwamba ikiwaka na chini ni kukavu, fungua mlango, uliza aliyekaa nyuma, na usimwulize kupitia watu. Nilimwacha kwake Ogwedhi jua likiwa bado juu, akiwa amesimama anahesabu kuku wake.

Isebania Adhiambo alinipokea na mtoto begani. Alikuwa ameshaongea na mama. Nilimwuliza mama amesema nini juu ya jicho.

"Anasema uko na mvi hapo nyuma ya kichwa, mingi," Adhiambo akasema. "Anasema siku ulinioa haikuwa."