Siku Bibi ya Mwana wa Mfalme Alipouliza Choo

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya. Nilikuwa msichana bado, mwalimu wa mwaka wa tatu katika shule moja ya msingi hapa Butembo, na Kifaransa changu kilikuwa kizuri kuliko akili yangu. Kile cha kwanza nilikijua. Hicho cha pili nilikuja kuambiwa.

Ulikuwa wakati wa vita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara ya kusini inafungwa leo na kufunguliwa kesho, na watu wa Luofu na Alimbongo walikuwa wanafika kwetu kwa miguu, wamebeba magodoro, kuku na wazee wao. Katikati ya hayo tukasikia kwamba mwana wa mfalme wa nchi moja ya Ulaya anakuja kututembelea, yeye na bibi yake. Ziara ya urafiki, ndivyo ilivyoitwa. Watashuka na ndege asubuhi, watazunguka mji, wataona shule yetu, watakula kwa mapadri, na kurudi kabla mvua ya mchana haijafunga milima.

Komanda aliyetawala mji akaunda kamati ya kuwapokea. Mkubwa wake alikuwa Bwana Kasereka, mwuza vitenge, mtu mwema mwenye koti moja la harusi lililompita mabega. Yeye ndiye alinichagua kuwa mkalimani. Mwanangu, nilivimba. Nikaanza kutembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mama aliniita nikachote maji, nikamjibu kwa Kifaransa.

Bwana Kasereka alileta chokaa. Tukapaka mawe ya kando ya njia, mashina ya mikaratusi, na ukuta mmoja wa shule, ule ambao wageni watauona. Kwa kuta zingine chokaa haikutosha. Mbuzi wa mlinzi alikuwa amefungwa kwenye mkaratusi mmoja, naye akapata sehemu yake ubavuni. Bendera ya wageni hakuna aliyeijua vizuri. Rangi tatu tulizijua, mpangilio wake hapana. Basi fundi akashona bendera tatu tofauti, tukazitundika zote.

"Moja haitakosa," alisema Bwana Kasereka.

Choo cha shule kilikuwa kimejaa na ukuta wake umeinama. Tulipaka mlango wake chokaa, tukatia kufuli. Mtu mmoja wa kamati akauliza wageni wakishikwa na haja itakuwa namna gani. Bwana Kasereka alifikiri sana.

"Batu ya namna ile," akasema, "banamalizaka haja kwabo mbele ya kutoka."

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulipaka mlango.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Wale watu wa Luofu walikuwa wanalala katika madarasa mawili ya mwisho, nyuma ya shule. Kati yao alikuwapo Koko Masika, mama aliyemzaa baba yangu. Usiku alilala kwetu, lakini mchana alikwenda kukaa na majirani zake, akichambua maharagi na kuwaamulia kesi zao. Alikuwa ametembea kutoka Luofu na jembe lake begani. Baba alipomwuliza kwa nini hakubeba blanketi, alijibu kwamba blanketi halilimi.

Komanda alisema hataki wageni waone uchafu. Watu hawa waende wakae katika hangari ya kuchomea matofali, nyuma ya ua wa matete, na wanyamaze mpaka ndege iondoke. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia. Nikawaambia, tena kwa sauti ya bureau, ya mtu wa ofisini.

Koko alinikaribia, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na udongo.

"Kavira," akasema, "na miye pia?"

Kabla sijajibu, komanda akapita akikagua. Akamtazama Koko, akanitazama mimi.

"Mademoiselle, uyu mama ni wa kwenu?"

Mwanangu, nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe.

"Hapana, komanda," nikasema. "Ni wa bakimbizi."

Koko aliachia mkono wangu. Aliokota jembe lake, akawafuata wenzake nyuma ya ua.

Wageni wakafika. Tuliwakalisha katika viti viwili vilivyoazimwa kwenye nyumba ya sherehe za harusi, na nyuma yao hakuna aliyekumbuka kuondoa kitambaa kilichoandikwa matakwa mema kwa maarusi. Mwana wa mfalme alikuwa mrefu, shingo imekuwa nyekundu kwa jua. Bibi yake alivaa viatu vyeupe vya kisigino kirefu na alicheka na watoto vizuri. Watoto waliimba. Waliimba tena. Katika wimbo wa tano bibi yule aliniinamia, akaniambia kwa Kifaransa, polepole, kwamba angependa mahali pa kunawa mikono.

Nikakimbia kumletea beseni. Akanawa. Akanishukuru. Kisha akaniinamia mara ya pili, na safari hii akasema wazi.

Nikaenda kwa Bwana Kasereka. Alitoa karatasi yake ya ratiba mfukoni, akaisoma kutoka juu mpaka chini.

"Haiko ku programme," akasema.

"Bwana Kasereka, iko ku sura yake."

Choo kizima kilikuwa kimoja tu pale: kile ambacho watu wa Luofu walijichimbia wenyewe nyuma ya hangari, chenye kuta za matete na paa la majani, safi kabisa. Nilimwomba yule bibi angoje mpaka kwa mapadri. Alinitazama kwa namna ambayo kila mwanamke anaielewa, hata kama ni mkwe wa mfalme. Komanda alikuwa anamwonyesha mume wake bendera zetu. Nikafungua ua.

Ndani, watu walikuwa wamekaa juu ya matofali, kimya, kama wako katika misa. Walipomwona, mzee mmoja, maskini, akadhani wakati wa kumpokea mgeni umefika. Akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Basi bibi ya mwana wa mfalme akatembea kwenda chooni akishangiliwa, na uso wake ukawa mwekundu kuliko shingo ya bwana yake.

Koko alisimama, akainua mkono. "Muache mutu apite. Ni mara ya kwanza munaona mutu ana haja?"

Akamshika mgeni kiwiko na kumpa kidumu cha maji. Penye magogo ya kukanyagia mbele ya choo kisigino kimoja kikazama na kukwama. Koko akapiga magoti, akautoa mguu, akavuta kiatu. Kiatu kikatoka, kisigino kikabaki. Hakuhangaika. Alivua ndala zake za plastiki, akamvalisha yule bibi kama anavyovalishwa mtoto anayekwenda shule, na kwa kuwa choo kile hakikuwa na komeo, akasimama yeye mwenyewe mlangoni, miguu mitupu, jembe mkononi. Hata walinzi wa kule Ulaya hawakuwahi kusimama vile.

Alipotoka, yule bibi hakurudi mara moja kwenye nyimbo. Aliketi juu ya matofali karibu na Koko, akaniomba nimwulize mama huyu ni nani.

Nikamwuliza Koko kwa Kinande, lugha ya kwetu. Koko alimtazama mgeni, hakunitazama mimi.

"Umwambie miye ni mutu wa Luofu," akasema. "Na umwambie hapa Butembo sina mutu."

Mwanangu, kinywa changu ndicho kilitakiwa kuyatafsiri maneno hayo. Nikasema ametoka Luofu.

"Amesema maneno zaidi ya hayo," yule bibi akasema.

"Amesema hapa hana mtu." Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi. "Mais si kweli, Madame. Ni koko yangu. Ni mama wa baba yangu."

Alitazama blauzi yangu, akatazama mikono ya Koko. Alisogea tu pale juu ya matofali, akanipa nafasi nikae kati yao. Nikakaa, blauzi na sketi, katika udongo mwekundu.

"Umemwambia nini?" Koko akauliza.

"Nimemwambia weye ni koko yangu."

Koko alivuta ungo wake wa maharagi. "Mwambie tena. Pengine hakusikia muzuri."

Nikamwambia tena. Wakati huo huo ua ukafunguka, akaingia komanda, mwana wa mfalme na msafara mzima, wakimtafuta bibi aliyepotea. Koko akanionyesha komanda kwa kidevu.

"Na ule? Unamwambia wakati gani?"

Nilisimama. Niliogopa, sitakuficha, maana wakati ule watu walifungwa kwa mambo madogo kuliko hilo. "Komanda," nikasema, "asubuhi nilikudanganya. Uyu mama ni koko yangu."

Kabla hajanijibu, mwana wa mfalme akamwuliza hawa wote ni nani.

"Ni bafundi ya matofali," komanda akasema, nami ikabidi nitafsiri.

Mwana wa mfalme aliwatazama mafundi. Wengine walikuwa wananyonya bado. Ndipo bibi yake akasimama katika ndala za Koko, akamweleza kwa lugha yao, na ingawa sikujua neno hata moja, nilielewa yote. Bwana yule alivua kofia, akaanza kuwasalimu mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja ametoka wapi na ameacha nani. Nilitafsiri mpaka sauti ikakauka. Chakula cha mapadri kikapoa. Ndege ilipata kuondoka mvua imeshaanza, na Bwana Kasereka alikunja karatasi yake mara nne, akasema hatakubali tena kazi ya wafalme.

Tukarudi nyumbani, mimi na Koko, mvua ikatukamata, tukasimama chini ya baraza la duka. Hapo ndipo aliponisema.

"Weye unazania nilikasirika juu ya komanda?" aliniuliza. "Komanda ana bunduki, batu bote banamuogopa, hata miye. Lakini leo asubuhi bunduki haikukuuliza kintu, Kavira. Yeye aliuliza tu. Ni blauzi yako njo ilijibu."

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka mvua ikapungua, kisha akasema twende, maharagi yatalowa.

Sikudanganyi kwamba ziara ile ilimaliza vita. Urafiki wa siku moja haufungi bunduki. Blanketi zilikuja baada ya majuma kadhaa, hazikutosha. Komanda aliniita, nikafagia kiwanja cha bureau yake siku nyingi, nikashukuru kuwa ni ufagio tu. Yule bibi aliondoka na ndala, akamwachia Koko viatu vyake; Koko alikikata kile kisigino cha pili kwa jembe, akaenda na viatu vyeupe misa ya Pasaka, na barabara ilipofunguka akarudi navyo Luofu kulima. Huko ndiko alikozeekea na huko ndiko tulikomzika.

Basi mwanangu, sasa wewe nawe umesoma, na watu wakubwa wanaanza kukuita mbele. Kusoma ni kuzuri. Lakini siku utakapokuwa mbele ya mkubwa, naye akakuuliza, "Huyu ni wa kwenu?", usitazame nguo zako kwanza. Jibu ndiyo, mara moja, hata kama huyo wa kwenu ana matope, hata kama hajui kusoma, hata kama anakohoa. Mficha maradhi, kilio humwumbua. Na mficha wazazi, hata haja ya mgeni inatosha kumwumbua. Na ukipokea wageni, waonyeshe mji wako ulivyo. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona namna gani, naye umemfungia nyuma ya ua?

Na kama umeshakosa, maana utakosa, wewe ni mtoto wa mtu kama mimi, usingoje kesho kusahihisha. Sema palepale, mbele ya walewale uliowadanganya.

Mungu wa babu zako akuongoze. Akupe kazi isiyokufanya uwasahau watu wako, akupe mwenzi atakayewapenda, na wazee wako wote wakitaja jina lako, walitaje kwa fahari. Enda sasa, mwanangu, mama yako anakuita.