Ngozi ya Mabula Ndani ya Gari la Baba

Harufu ya ngozi ya ng'ombe isiyoiva, ikiwa imefungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, haifanani na harufu nyingine yoyote. Naijua harufu ya klachi iliyoungua, ya oili iliyokaa miaka bila kumwagwa, hata ya panya aliyefia ndani ya feni ya kiyoyozi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, lakini hakuna inayoifikia. Mwanzoni huja taratibu, kama maziwa yanayoanza kuchacha kwenye kibuyu. Halafu hushuka kooni na kukaa huko. Ukinywa maji unainywa, ukila ugali unaila. Nilipokuwa darasa la tano pale Kasoli, msimu mzima wa vuli nilikwenda nayo shule kwenye sare na kurudi nayo nyumbani kwenye nywele. Rafiki yangu Limi, tuliyekaa naye dawati moja, alihamia dawati la nyuma bila kuniaga. Nilimchukia wakati ule. Leo naona alikuwa na akili kuliko watu wazima wote wa nyumbani kwetu.

Gari lilikuwa la baba. Alikuwa mnunuzi mdogo wa pamba, mtu aliyeanza na baiskeli na mzani wa kuning'iniza, na mwaka ule akanunua wagoni jeupe, lililotumika lakini safi kama yai lililomenywa. Siti zake zilikuwa za kitambaa laini cha kijivu, na dashibodi yake haikuwa na mkwaruzo. Vioo vilipanda na kushuka kwa vishikio vya kuzungusha, nami niliruhusiwa kuzungusha mpaka nichoke. Upande wetu wa kijiji gari dogo lilikuwa hilo moja, na ndilo lililowakimbiza wajawazito hospitali mjini Bariadi. Baba angeliacha kama lilivyotoka kiwandani, lingetembea miaka mingi sana. Sisemi kwa kubahatisha. Nina stashahada ya ufundi wa magari, niliyoisomea Dar es Salaam kwa jasho langu mwenyewe, nikiosha magari ya watu alfajiri na kuingia darasani asubuhi, kisha nikarudi Bariadi kufungua gereji ambayo wanaume waliitabiria miezi mitatu. Ina miaka saba sasa, na baadhi ya wanaume hao ni wateja wangu. Kwa hiyo nikisema gari lingetembea, lingetembea.

Kabla ya gari, fahari ya baba ilikuwa dume la mbegu, nzagamba kama tunavyosema kwa Kisukuma. Alikuwa mweusi kama wingu zito, na kwa weusi huo baba alimwita Mabula, jina wanalopewa watoto wanaozaliwa mvua ikinyesha. Watu walileta mitamba yao kutoka vijiji vya mbali ili wapate mbegu yake, na kila asubuhi baba alimwimbia akimtoa zizini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto wake yeyote. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu, malisho yakaisha, na siku moja Mabula alivunja mlango wa stoo akajaza tumbo mashudu ya pamba, kisha akanywa maji mpaka akavimba kama ngoma. Afisa mifugo alipofika alimkuta amekwisha kukata roho. Baba hakula siku mbili. Siku ya tatu aliamka na wazo, na mtu mwenye njaa na huzuni asiachiwe kuamka na wazo. "Mabula haozi," alisema. "Atatembea na mimi."

Bibi mzaa baba alipoiona ngozi imewambwa uani kwa vigingi, aliuliza nani amekufa. Enzi zake ngozi ya dume kubwa iliwekwa kwa ajili ya kumfungia mwenye mji siku ya kumzika. Haikuwa kitu cha kukaliwa na watoto wakila karanga. "Ng'wanawane," alimwambia baba, yaani mwanangu, "unajishonea sanda na huku unatembea?" Baba alicheka. Fundi wa kushona siti mjini Bariadi naye alijaribu kwa njia yake. Aliinusa ngozi, akaikunja ikakataa kukunjika.

"Mzee, hii bado," alisema. "Ipeleke kwa watu wa kuivisha ngozi, hata ikikaa miezi miwili. Au nikuwekee raksini, ngozi ya bandia, nyeusi vilevile. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," baba alijibu. "Kwani wahenga walisemaje? Ngozi ivute ingali mbichi."

Fundi alinitazama mimi, kama vile nilikuwa mtu mzima wa pekee pale, akatikisa kichwa. "Haya, mzee. Gari lako, ng'ombe wako, pua yako."

Ngozi ile ilifunika siti zote, ikafunika dashibodi, na iliyobaki ikapigiliwa misumari midogo kwenye milango ya nyuma. Hapo fundi alitaka kutoboa matundu ili vishikio vya vioo vitokeze. Baba alikataa katakata. Mabula hatobolewi, alisema, na vishikio vikazikwa chini ya manyoya, vioo vya nyuma vikiwa vimefungwa. Pembe zilifungwa mbele ya boneti kwa waya. Wiki mbili za kwanza, jua likiwa kali na hewa kavu, watoto walikuja kuzipapasa siti na wazee walisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na baba alikitembeza kila siku, polepole, mbele ya kituo cha kununulia pamba.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Unyevu uliingia, ngozi ikalegea, manyoya yakaanza kubaki kwenye makalio ya kila aliyeketi. Nzi wakaja, na baada ya nzi wakaja funza, wanene, weupe, wakitambaa kwenye mishono kama watu wenye hati ya kiwanja. Mbwa walilifuata gari wakilinusa matairi. Mama aliweka ndimu, akaweka ubani, akaweka majani ya mwarobaini chini ya siti, na mwisho akachukua bomba la kupulizia pamba akapuliza dawa ya wadudu. Hapo ndipo tukawa tunapanda mzoga uliotiwa sumu. Niliumwa kichwa wiki nzima. Nikimwambia baba kwamba gari linanuka, alijibu kwamba yeye hasikii kitu. Wakati ule niliamini anadanganya. Siku hizi nadhani alikuwa amejikataza kusikia, na mtu akijikataza hivyo hakuna fundi wa kumsaidia, maana sikio la kufa halisikii dawa.

Haya yote tungeyavumilia kama isingekuwa dada yangu mkubwa, Kabula. Alikuwa amechumbiwa na Elia, bwana afya wa kata, kijana mpole kutoka Same aliyehamishiwa kwetu kikazi, ambaye shughuli yake ilikuwa kukagua vyoo na mabucha. Elia alilelewa na shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa anakuja kupaona nyumbani kwa mchumba na kutoa neno la mwisho. Akisema hapana, ni hapana. Elia alimweleza Kabula waziwazi. Baba naye alikuwa na lake. Tangu siku aliponunua gari alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye atakayemwendesha Kabula kwenda kanisani siku ya ndoa. Kwa hiyo Kabula alipomsihi akodi gari la kumpokelea mgeni, alimjibu kwa hasira: "Mgeni wa binti yangu apandishwe gari la mtu, na langu lipo?" Akaingia ndani, akatoka na chupa ya samli, akaipaka ngozi yote ili ing'ae.

Tulimpokea stendi ya Bariadi mchana, jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, nami nikiwa nimefuatwa shule na mkoba wangu mgongoni. Shangazi alikuwa mama mnene, nadhifu, amevaa kitenge cha rangi ya maziwa kilichopigwa pasi hadi kwenye kilemba. Aliketi nyuma, upande wa dirisha, mimi katikati, Kabula upande wa pili. Elia alikaa mbele.

"Karibu sana, dada," baba alisema. "Jisikie uko nyumbani. Hapo umemkalia Mabula."

"Mabula ni nani?"

"Dume langu."

Shangazi aligusa siti kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, akakifuta kwenye leso. Hatukuwa tumefika mbali alipoinama mbele. "Elia, mwanangu, humu ndani hakuna kitu kilichokufa?" Elia, aliyewahi kufunga bucha kwa sababu ya nzi wachache, alitazama barabara kama mtahiniwa. "Ni matope ya njiani tu, shangazi. Tunakaribia." Baba alicheka. "Hiyo ni harufu ya mali, dada. Utaizoea." Vioo vya mbele vilikuwa wazi, lakini upepo ulioingia ulichukua uvundo wote wa dashibodi na kutumwagia sisi wa nyuma. Samli ilikuwa imeanza kuyeyuka. Kisha funza mmoja alidondoka kutoka kwenye mshono wa mlango, akatua kwenye kitenge cha rangi ya maziwa, akaanza safari yake.

Shangazi alipiga kelele kwamba kioo kifunguliwe. Alipapasa mlango akitafuta kishikio, akapata manyoya. Akaomba gari lisimame, na baba akasema, kwa kweli kabisa, kwamba tulikuwa kwenye mbuga, udongo mweusi umelowa, na tukisimama hapo tunanasa hadi kesho. Uso wa mama yule ulikuwa umebadilika rangi. Kabula alikuwa amenyoosha mikono juu yangu, amemshika kichwa, analia bila sauti. Mimi nilifungua mkoba, nikatoa bikari ya hesabu, nikapanda magotini pa mgeni na kung'oa misumari mmoja mmoja. Ngozi ilipoachia niliitoboa, nikaipasua kwa nguvu zangu zote, nikaingiza mkono kwenye ute na funza mpaka nikakipata kishikio, nikazungusha. Shangazi alitoa kichwa nje, na mlango mweupe wa gari ukapakwa matapishi hadi Kasoli. Baba aliniona kwenye kioo cha ndani nikimpasua Mabula. Watu huniuliza nani alinifundisha kazi yangu, nami huwajibu kwamba nilijifundisha mwenyewe, siku hiyo, nikiwa na miaka kumi na moja.

Nyumbani shangazi alioga ndoo tatu. Hakuingia sebuleni, aliketi kwenye kigoda uani, chai na matobolwa ya mama, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vikapoa mbele yake. Baba alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Kabula alisimama mlangoni na sisi sote tulikuwa tunangoja neno moja tu.

"Binti simkatai," shangazi alisema mwisho. "Amenishika kichwa njia nzima kama mwanangu wa kumzaa. Lakini siku ya ndoa tutaleta gari sisi. Bibi harusi wetu hapandi mzoga."

Kabula alikimbilia ndani kwa furaha. Baba alibaki amesimama. Kesho yake aliitoa ngozi yote peke yake, akakataa kusaidiwa. Chini yake kitambaa cha kijivu kilikuwa kimeoza, sponji imenyonya samli na dawa, gundi ikaondoka na utando wa juu wa dashibodi, na milango ilikuwa na matundu ya misumari yaliyokwisha kuota kutu. Aliliosha mara nyingi, akaliacha wazi juani wiki baada ya wiki, na bado ukikaa unajua. Siku ya ndoa Kabula alipanda gari la kukodi lililopambwa maua. Baba alifuata mwisho wa msafara, vioo vyote vimeshushwa, hana hata mtu mmoja ndani. Mimi pia nilikataa kupanda naye. Nilidandia lori la wanakwaya, tukampita tukiimba.

Siku hizi vijana wa Bariadi wanakata springi ili gari lilale chini, kwenye barabara zetu hizi. Wanabandika manyoya ya dukani kwenye dashibodi, wanafunga taa za bluu, wanatoboa eksozi ipige kelele kama mgonjwa wa tumbo. Baada ya miezi wananijia: "Dada fundi, rudisha lilivyokuwa." Huwa nawatazama kwa kinyaa, nao hudhani najivuna. Najivuna, ndiyo, lakini kinyaa ni kinyaa. Zamani mtu aliharibu gari kwa kumlilia ng'ombe wake. Hawa wanaharibu ili wapigiwe picha. Namwambia kila mmoja ukweli: ninaweza kukufungia springi mpya, lakini lilivyokuwa halirudi.

Mwezi uliopita baba alikuja gereji kuliona gari nililonunua. Amezeeka, anatembelea fimbo. Sijaliongezea kitu, hata stika ya jina langu sijabandika. Aliketi nyuma ya usukani, akapitisha kiganja juu ya dashibodi taratibu, akazungusha macho kwenye siti.

"Langu lilikuwa hivi hivi," alisema.

Nilimwambia kweli, tena lilikuwa zuri zaidi. Nikampa ufunguo. "Endesha basi, baba. Twende Maswa tukamsalimie Kabula kwake."

Aliushika ufunguo muda mrefu, kisha akaurudisha mkononi mwangu.

"Kabula alishafika kanisani," alisema. "Kwa gari la watu."