Levina, mchuma tumbaku aliyeitwa mlevi kanisani

Saa tatu asubuhi, Levina Ngassa amesimama ukingoni mwa shamba la tumbaku, mikono kaikunja kifuani. Wenzake wawili wameketi kwenye tuta. Hakuna anayegusa jani. Wanangoja umande ukauke.

"Zamani saa hizi tungekuwa tumeshajaza mkokoteni," anasema mama huyu wa miaka 41, kibarua katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Tabora. "Siku hizi nauogopa umande kuliko nyoka."

Akiongea hutazama chini. Wakipita wanawake na ndoo zao, hunyamaza mpaka watokomee.

Ilikuwa Jumapili ya Februari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na majani yameiva. Shemeji yake, Kornel, ambaye ndiye mwenye shamba, aliwaomba vibarua wachume kidogo kabla ya ibada. Levina alichuma, akayabeba majani mabichi kwapani, blauzi ikalowa mpaka mwilini. Kisha akakimbia nyumbani, akabadili nguo bila kuoga, akawahi kanisani. Ni mwimbaji wa kwaya katika usharika wa Moraviani.

"Wimbo wa kwanza niliimba vizuri. Wa pili nikaona madirisha yanazunguka. Mate yakajaa mdomoni. Nikamshika mwenzangu begani, nikamtapikia."

Alitoka akiyumba mbele ya kanisa zima. Mama mmoja wa benchi la mbele akasema, wala hakunong'ona, "Amelewa huyu." Mwingine akadakia, "Mjane huyo. Hiyo si pombe."

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Kiongozi wa kwaya, Gerson, alimwomba apumzike "mpaka mambo yako yakae sawa, Mama Josepha." Hakuuliza ni mambo gani. Kornel, mvutaji wa sigara tangu ujana, alicheka mbele ya vibarua: "Mimi nachuma kutwa nzima, mbona sianguki? Shemeji aseme tu alikunywa nini."

Lakini lililomchoma zaidi lilisemwa nyumbani kwake. Bintiye, Josepha, mwenye miaka 19, alingoja mama yake amalize kuosha vyombo.

"Mama, ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Hiyo mimba."

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe," anasema Levina. "Nikaingia ndani nikalala na nguo zangu."

Kazi hakuacha, maana msimu wa mvua hakuna kibarua kingine cha kumpa unga. Siku chache baadaye alitapika tena, safari hii vichakani, khanga mdomoni ili wenzake wasisikie. Alipopata nguvu ya kusimama, alimpitia Josepha nyumbani wakaenda zahanati.

"Daktari, nipime mimba," alimwambia tabibu, anayeitwa Octavian. "Na huyu binti yangu aone kwa macho yake."

Mimba haikuwapo. Tabibu aliushika mkono wake, akausogeza puani.

"Mama, umetoka kuchuma tumbaku?"

Nikotini iliyomo kwenye jani, anaeleza Octavian, huyeyuka katika umande au maji ya mvua na kupenya ngozi iliyolowa, ikaingia kwenye damu, ikafika ubongoni.

"Seli nyingi za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali," anasema. "Mojawapo ni asetilikolini. Inatoka seli hii, inatua kwenye kipokezi cha seli ile, kama mtu anayebisha hodi. Mlango unafunguka, ujumbe unapita, halafu kemikali ile inavunjwa mara moja, mlango unafungwa. Nikotini nayo inakaa kwenye kipokezi hichohicho, ila haivunjwi upesi. Inabisha tu, inabisha tu. Seli zinapiga kelele wakati hazina la kusema. Mtu anapata kizunguzungu, anatapika, moyo unakwenda mbio. Ukimwona utadhani amelewa."

Na Kornel, je? "Vipokezi vya mvutaji vimeshazoea. Vingine vinapoa kwa kuzidiwa, na ubongo unaongeza vipya. Ndiyo maana shambani haanguki, na ndiyo maana akikosa sigara asubuhi hatulii. Si kwamba ana nguvu kumshinda shemeji yake."

Josepha alilia palepale zahanati. "Mama, nisamehe."

"Nilimwambia yameisha," anasema Levina. "Hayajaisha, lakini ni mwanangu, ningemwambia nini?"

Josepha ndiye aliyempelekea Kornel maneno ya tabibu. Kesho yake Kornel akatangaza kwamba kuchuma kutaanza umande ukishakauka, akawaletea vibarua makoti ya mvua na sabuni ya kunawia. "Radhi hajaniomba," anasema Levina. "Ila siku hizi akiniita huinamisha uso."

Gerson naye, habari zilipomfikia, alifika nyumbani kumwomba arudi kwenye kwaya. Mpaka sasa hajarudi. Ibada huisikiliza akiwa mlangoni, na hutoka kabla ya baraka.

"Naona aibu kwa jambo nisilolifanya. Daktari kasema ni kemikali, sawa. Lakini walionitazama siku ile hawakuona kemikali. Waliniona mimi."

Angebaki hivyo, anasema, lau si mwanamke mmoja aliyemfuata kisimani wiki iliyopita. Hakutaka kumtaja jina.

"Aliniambia, 'Dada, mimi nikichuma natapika kila mara. Mume wangu ananipiga, anasema nakunywa kwa siri.' Nikamwuliza, mbona hukusema? Akasema, 'Niliona walivyokufanya wewe.'"

Levina amemwendea mchungaji na kuomba dakika chache siku ya Pasaka, kabla kwaya haijaimba. Amekubaliwa. Maneno anayafanyia mazoezi jikoni, na kila anapofika pale pa kutapika, huanza tena tangu mwanzo.

"Sitafuti kujisafisha," anasema. "Nataka yule mwanamke asikie, na mumewe asikie akiwa ameketi palepale."

Umande umekauka. Anavaa koti, anafunga vifungo hadi shingoni, anaingia kwenye mstari wake.

"Nimemwambia Josepha akae benchi la mbele," anasema bila kugeuka. "Nitamtazama yeye. Wengine watasikia tu."