Mashine Ilikufa Ikisema Nini?

Naikumbuka Jumatano moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokaribia kumfukuzisha kazi msichana asiye na kosa, ilhali kosa lenyewe nilikuwa nimeliandika kwa vidole vyangu hivi. Cheka tu. Hata mimi siku hizi hucheka, ingawa si mara zote.

Nilikuwa nikiishi Soweto West, Kibera, chumba kimoja cha mabati, na kila asubuhi nilikwenda kazini Kawangware kwa miguu. Viatu vya ofisi nilivibeba kwenye mfuko wa karatasi, kwa maana matope ya Soweto hayamjui mwenye cheti cha kompyuta. Nikifika kituo cha Kawangware 56 ninainama chini ya kibao cha hardware ya Ng'ang'a, duka la mabati na misumari, ninavaa viatu safi, ndipo ninaingia ofisini nikijiona bwana mkubwa. Ah, ujana! Kuna siku natamani hata yale matope.

Ofisi yetu ilikuwa ya barua pepe. Watu wenye kompyuta walikuwa wachache, kwa hiyo makanisa na wafanyabiashara walituletea barua zao kwenye karatasi, nasi tukazipiga chapa na kuzituma. Mwenye ofisi, Bwana Mburu, alikuwa pia mwenye ploti, yaani jengo zima tulimokuwa, mtu mpole ila mwepesi wa kuamua. Seva, yaani kompyuta kuu, ilikaa ndani ya kabati, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeiundia programu ya kuweka kumbukumbu: nani ameingia, saa ngapi, ametuma nini. Niliipenda kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. Tena niliipanga hivi, kwamba programu ikifa, seva yote isimame, pasiwe na barua itakayopita bila kuandikwa.

Basi akaajiriwa mpiga chapa mpya, Lilian Ong'ondo, aliyekuwa akilea wadogo zake wawili huko Gatina. Siku ya kwanza alipoandika jina lake aingie, programu ikafa, seva ikasimama. Nikalaumu stima. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, ndiyo hiyo Jumatano, sikungoja hata mashine iwake tena. Nilimwendea Bwana Mburu nikamwambia, "Huyu msichana anatuharibia mashine. Kila akiingia, inakufa."

Bwana Mburu akasema Jumamosi iwe mwisho wake.

Lilian alikuja akasimama mbele ya meza yangu. "Mimi nimeandika tu jina yangu," akasema. "Sijagusa kitu ingine. Sasa mnanifukuza juu ya nini?"

Nikageuka kupangusa vumbi la seva. Nyani haoni kundule, mwanangu.

Hapo mapokezi alikaa Mama Nafula, mtunza daftari la wageni. Ujana wake wote alikuwa opereta wa simu, na kompyuta hakuwahi kuigusa. Aliniita kwa kidole.

"Wewe kijana, hiyo mashine yako imekufa ikisema nini?"

"Mama, mashine haisemi."

"Si ulituringia inaandika kila kitu? Sisi kwa simu, laini ikikatika, tulikuwa tunauliza neno ya mwisho ilikuwa gani. Umesoma venye iliandika mwisho?"

Sikuwa nimesoma. Siku tatu nilikuwa nimezima na kuwasha, nimepangusa vumbi, nimechomoa nyaya na kuzirudisha, nimemsingizia mtu, kusoma sikusoma. Nilijua programu yangu haina kasoro, sasa nisome nini? Nikaiwasha mashine, nikafungua kumbukumbu uso ukiwa umenishuka. Mstari wa mwisho ulisema: Ameingia Lilian Ong. Wa jana yake: Ameingia Lilian Ong. Wa juzi, vilevile.

Mama Nafula akavaa miwani, akafungua daftari lake mahali Lilian alipojiandika siku aliyokuja kuomba kazi. Akaweka kucha juu ya ile alama ndogo inayoning'inia baada ya ng. "Imekwama kwa haka kakitu," akasema. Kisha akapaza sauti: "Bwana Mburu, usifukuze mtu bado. Muite Ng'ang'a wa hardware."

Ng'ang'a akaja mikono ikiwa na rangi ya mabati. "Niaje, kuna nini?" Tukamkalisha, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, polepole, kama anayebonyeza mayai. Alipomaliza, seva ikanyamaza kabatini. Nikasoma: Ameingia Ng.

"Haki sijafanya kitu!" Ng'ang'a akaruka kutoka kitini.

Mama Nafula peke yake ndiye aliyecheka. Bwana Mburu alikuwa ananitazama mimi.

Kumbe programu yangu ilikuwa inalifunga kila jina kati ya alama mbili ndogo, kama mzigo na kamba yake. Ilipokutana na alama ya ng' ilidhani jina limekwisha, na kilichobaki kikaisonga. Kabla ya Lilian walioandika majina kwenye mashine walikuwa Mutua, Wanjiru na Mburu. Hakuna mwenye ng' hata mmoja. Nilijifunza kazi kwa vitabu vya wageni nikasahau majina ya majirani. Na kila asubuhi nilivaa viatu chini ya kibao cha Ng'ang'a!

Nikakosea tena, mwanangu, maana haraka haraka haina baraka. Nikamwambia Lilian, "Rahisi. Andika Ongondo, hiyo alama tuiache."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Ongondo ni nani? Babangu ni Ong'ondo."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Siku mbili zilizofuata niliiandika upya programu yote. Jumamosi ile aliyokuwa afukuzwe, Lilian aliandika jina lake, na mashine ikaendelea kunguruma. Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akasema, "Sawa," akavuta karatasi ya kwanza akaanza kupiga chapa.

Miaka mingi baadaye Mama Nafula alituacha. Kwenye matanga nilimuuliza bintiye, kwa mazoea tu, mama alikufa akisema nini. Akanijibu: aliuliza kama wageni wamekunywa chai. Nililia palepale, na kikombe mkononi.

Basi sikia. Kitu kikiharibika, soma mstari wa mwisho kabla hujatafuta wa kulaumu, na kile ulichokiunda mwenyewe ukishuku kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, dole hupona. Na jina la mtu lisipoenea katika kazi yako, usilikate jina. Panua kazi.

Mungu akupe macho ya kusoma hadi mwisho, mwanangu, na kila mlango utakaoingia, jina lako lipokewe likiwa zima.