Masale ya Bibi

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha utalii wa utamaduni, kule Masama, ni mtoto wa baba yangu mdogo. Amekulia Njoro, mjini, lakini ukimsikia anavyowaeleza wageni mila za Wachagga utadhani ndiye aliyezianzisha. Sina ugomvi na wageni. Wanakuja, wanatwanga kahawa, wanaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, huku wamekunja nyuso, wanaondoka. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, wajuaji.

Mwaka jana kikundi kilijenga nyumba ya asili ya nyasi kando ya kihamba cha baba, shamba letu la migomba la urithi. Mwenyekiti akataka izungushiwe masale, eti mgeni lazima alione jani tunaloombea msamaha. Masale yamejaa kwenye kila mpaka wa shamba huku mlimani. Yeye akaingia migombani kwetu, akakuta kichaka kimoja katikati, akaona kinakula nafasi bure. Akaking'oa chote, akakipanda kuzunguka nyumba yake ya nyasi. Hata kuuliza hakuuliza! Baba alikuwa kanisani.

Kile kichaka kilikuwa kaburi la bibi yetu, wangu na wake. Wazee hawakuweka saruji wala msalaba. Walipanda masale, basi. Na mwenyekiti, kwa wema wake, alikuwa amesawazisha ardhi na kupanda migomba michanga, kihamba kizima kikawa kitu kimoja.

Baba aliporudi alisimama migombani mpaka chai yake ikapoa mezani. Mimi nilimpigia mwenyekiti simu nikafoka, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa.

Wiki iliyofuata mwenyekiti akaja na jani la isale mkononi, amelifunga fundo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo baba mkubwa. Nimekosa."

Nilitamani kumfukuza. Nilijua kabisa lile jani amelichuma kwenye ule ua wa nyumba ya nyasi. Lakini kwetu anayekuja na isale hakataliwi, hata kama ameua mtu. Baba akalipokea.

"Marahaba. Nimekusamehe."

Mwenyekiti akashusha pumzi, na hapo hapo akaanza kueleza kwamba kikundi kitaweka kibao kizuri penye kaburi, chenye maelezo kwa lugha mbili. Hasira zikanipanda upya.

Baba hakupandisha sauti. Alimshika mkono, akampeleka mpaka katikati ya migomba.

"Sawa, mwanangu, wekeni," alisema. "Nionyeshe tu mama yangu yuko wapi, maana mimi sijui tena."